Maji ya Kumwogeshea Mtoto
Neno nitakalo kuwaambia leo laonekana dogo, lakini limewaunguza watoto wengi. Mama hutia maji ya moto katika beseni, kisha hutoka bafuni kufuata ya baridi. Nyuma yake mtoto hujitumbukiza. Maji yenye joto la digrii 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto ni nyororo zaidi. Basi tangulizeni ya baridi, ndipo mtie ya moto, mkayapime kwa kiwiko, maana kiganja kimezoea moto wa jikoni. (Akina baba, nanyi sikieni.) Akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitali. Msimpake samli wala dawa ya meno. Daktari atalazimika kuviosha kwanza ndipo alione jeraha.