Kutoka Safu ya Mbele Hadi Ukocha: Maisha ya Benjamin Ayimba na Vijana Wetu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya jamaa zilizohama, jamaa zilizowapokea na viongozi wao, Lusangi, kusini mwa Maniema

 

Karibu kila mkutano tunaofanya huku Kasongo na Kabambare, swali moja linarudi: vijana hawa wenye nguvu, tuwafanye nini? Kijana ana miaka ishirini. Shamba la baba yake limebaki kule alikokimbia. Masomo yamekatika. Mwenye shimo la dhahabu anamwita, na mwenye bunduki anamwita pia. Sisi wazazi na viongozi tunamwita wapi?

Leo nataka tulitazame swali hilo kupitia maisha ya mtu mmoja wa Kenya, marehemu Benjamin Ayimba. Alikuwa mchezaji wa raga, kisha akawa kocha. Najua raga haichezwi kwetu, na mnaweza kuuliza kwa nini sikuchagua mtu wa mpira wa miguu. Tunaye mfano wa Pamphile Mihayo, aliyekuwa mchezaji wa TP Mazembe iliyotwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, halafu mwaka 2017 akiwa kocha akaiongoza timu hiyo hiyo kutwaa Kombe la Shirikisho. Njia yake ni ile ile. Lakini raga ni mchezo wa nguvu na kugongana, na swali letu ni la nguvu. Ndiyo sababu nimemchagua Ayimba.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mpira wa raga si duara, umechongoka pande mbili kama papai. Unashikwa kwa mikono. Ili kupata pointi unaukimbiza mpaka ng'ambo ya mstari wa wapinzani na kuuweka chini. Wapinzani wana ruhusa ya kukukamata mwilini na kukuangusha. Lakini kuna sheria, na ningependa mshike mbili. Ya kwanza: mpira ukiutoa kwa mkono, unampa mwenzako aliye nyuma yako au sambamba nawe. Kumrushia aliye mbele ni kosa. Kwa hiyo anayekimbia mbele peke yake, bila wenzake nyuma, hana wa kumpa. Ya pili: ukikamatwa na kuangushwa, lazima uachilie mpira. Ukiung'ang'ania chini, mwamuzi anaipa timu nyingine haki.

Katika raga ya watu kumi na watano, wanane ni wa safu ya mbele. Hao wanashikana mabega na kuinama, na kusukumana na wanane wa upande wa pili. Kazi yao ni nzito na haionekani sana. Mara nyingi wao ndio wanaopokea vishindo, na mwenye mbio aliye pembeni ndiye anayefunga na kushangiliwa. Ayimba alikuwa namba nane, yule anayekaa nyuma kabisa ya msukumano huo, akisukuma na kuulinda mpira kwa miguu mpaka wakati wa kuutoa.

Alisoma katika shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya. Alichezea klabu ya Impala ya Nairobi, akawa nahodha wa timu ya taifa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikwenda Uingereza kuchezea klabu ya Cornish Pirates. Wakati ule Wakenya waliofika kucheza huko kwa malipo walikuwa wachache.

Lakini nguvu ya mwili ina mwisho. Mchezaji wa raga akikaribia miaka thelathini na mitano, magoti na mabega yanaanza kumdai. Hapo ndipo wengi wanapotea. Aliyezoea kushangiliwa anakaa nyumbani akisimulia zamani, au anaigeuza nguvu iliyobaki kuwa ugomvi. Ayimba alichukua njia nyingine: alikwenda kuwafundisha vijana wa timu ya taifa ya watu saba. Katika raga hiyo mechi moja ni dakika kumi na nne tu, na uwanja ni ule ule mkubwa wa watu kumi na watano.

Sasa sikilizeni Kenya ilikuwa katika hali gani. Desemba 2007 ulifanyika uchaguzi wa rais, na matokeo yakaleta ugomvi. Katika wiki chache watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, wakalala chini ya mahema, katika viwanja vya makanisa na vituo vya polisi. Jirani alimfukuza jirani kwa sababu ya kabila na ardhi. Ninyi mnayajua hayo kuliko mimi ninayeyasema. Tarehe 28 Februari 2008, kwa upatanishi wa Kofi Annan, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi makubaliano ya kugawana madaraka.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2009, timu ya Kenya iliyofundishwa na Ayimba ilikwenda Dubai kwenye Kombe la Dunia la raga ya watu saba. Katika robo fainali iliitoa Fiji, nchi ambayo watoto wake hucheza raga kama wetu wanavyocheza mpira wa miguu. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikashindwa na Argentina. Sisemi kwamba raga ilileta amani Kenya. Amani hiyo ililetwa na mazungumzo, na jeraha la ardhi halikupona kwa mechi. Nasema hivi: watu waliotoka kutukanana kwa kabila walipata kitu kimoja cha kushangilia pamoja, na nguvu ya vijana ikaonekana ikifanya kazi ambayo haimwagi damu.

Ayimba aliacha kazi hiyo, kisha akarudi mwaka 2015. Tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya ilikutana tena na Fiji, safari hii katika fainali, na ikashinda 30 kwa 7. Mashindano hayo ya dunia yanayozunguka nchi mbalimbali yalianza mwaka 1999, na Kenya haikuwa imewahi kutwaa kombe hata mara moja. Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio. Kwa hiyo Kenya haikumshinda mtu dhaifu.

Katika timu ya Singapore alikuwamo Collins Injera. Ndiye yule aliyekuwamo Dubai mwaka 2009, akiwa kijana, pamoja na kaka yake Humphrey Kayange. Miaka saba imepita kati ya mashindano hayo mawili. Baada ya Singapore, Injera alivunja rekodi ya dunia ya kufunga katika mashindano hayo. Wazee wangu, hesabuni miaka hiyo. Kijana hatengenezwi kwa semina ya siku tatu. Mashirika yetu, nami ni mmoja wa watumishi wake, mara nyingi yanaleta mradi wa miezi sita, yanapiga picha, yanakwenda. Kocha anahitaji miaka, na anayeweza kukaa miaka ni ninyi mnaoishi hapa.

Tusifiche upande mwingine. Katika Olimpiki ya Rio, Agosti 2016, timu ya Ayimba ilimaliza ya kumi na moja. Muda mfupi baadaye kazi ilipewa Innocent Simiyu, ambaye naye aliwahi kuichezea timu hiyo. Mwezi wa nne mtu anabebwa mabegani, na kabla mwaka haujaisha kiti kinakaliwa na mwingine. Ndiyo maisha ya kocha. Lakini tazameni ni nani aliyekikalia: mchezaji mwingine aliyegeuka mwalimu. Mpira ulitolewa kwa aliyekuwa nyuma, kama sheria ya mchezo inavyotaka. Kiongozi wa kijiji au wa komite asiyemwandaa mtu nyuma yake, siku akianguka, kazi inaanguka naye.

Benjamin Ayimba alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2021, akiwa na miaka 44. Aliuawa na malaria iliyopanda ubongoni. Mtu aliyestahimili vishindo vya wanaume wakubwa aliangushwa na mbu. Alipokuwa hospitalini, jamaa yake ililazimika kuomba msaada wa watu kwa gharama za matibabu. Hapa kuna mafundisho mawili. Moja ni la nyumbani: chandarua tulichopewa ni cha kulalia, tusikifanye wavu wa samaki, na homa ya mtoto isisubiri wiki. La pili ni la kijiji: aliyetutumikia akiwa na nguvu, tusimsahau anapokuwa kitandani. Tukimsahau, vijana wataona, na hakuna atakayetaka kutumikia.

Sasa turudi hapa Lusangi. Kati yetu kuna vijana waliopita porini na kurudi. Wengine wanajulikana, wengine wananyamaza. Serikali ilianzisha mwaka 2021 mpango wa P-DDRCS kwa kuwanyang'anya silaha na kuwarudisha katika maisha ya raia. Mpango unaweza kuchukua bunduki. Hauwezi kumpa kijana heshima mbele ya majirani. Hiyo inatoka kwenu. Kijana aliyezoea kuogopwa hataridhika tukimwambia tu akae kimya. Mpeni kazi inayohitaji nguvu zake na inayomfanya ajibu kwa watu. Ayimba alipokuwa kocha, sheria haikumruhusu kuingia uwanjani kusukuma. Alisimama nje ya mstari, akafundisha, akaangalia. Hilo ni gumu kwa mwenye nguvu, na ndilo tunalotaka vijana wetu wajifunze.

Naweka mbele yenu mapendekezo manne, mkayajadili.

La kwanza: tusiwe na timu ya wahamiaji na timu ya wenyeji. Mechi ya namna hiyo ni ugomvi uliovaa jezi. Tuchanganye, kila timu iwe na watoto wa pande zote mbili, na wa kila kabila. Anayekupasia mpira leo, kesho ni vigumu kumwita mgeni.

La pili: kila timu iwe na makocha wawili, mmoja aliyehama na mmoja mwenyeji. Wachaguliwe mbele ya watu, na wazazi wawe na haki ya kuwaondoa. Aliyepita porini asikatazwe, ila afanye kazi pamoja na mzee anayeaminiwa, na watoto wadogo wasiachwe naye peke yake. Hiyo ni sheria kwa kila kocha, hata mwalimu wa shule.

La tatu: wasichana wacheze. Kiwanja ni cha kijiji kizima. Mama watuambie saa gani inafaa, ili maji na kuni visiwe sababu ya kuwazuia, na wawepo mama wa kuwasimamia.

La nne: tuanze na mpira wa miguu tunaoujua, lakini tuazime desturi moja ya raga. Mechi ikiisha, timu moja inapanga mistari miwili na kuwapigia makofi wapinzani wanapopita katikati, kisha wanabadilishana zamu. Walioshinda na walioshindwa wanaangaliana usoni kabla ya kwenda nyumbani.

Mama na baba, mchezo hautarudisha shamba. Hautajaza sufuria. Mambo ya ardhi, ya usalama wa barabara, ya kurudi makwenu, lazima yaendelee kusemwa katika baraza na mbele ya wakubwa wa serikali, na sisi tutaendelea kuyafikisha. Lakini kijana hawezi kusubiri baraza limalize ndipo aanze kuishi. Nguvu zake ziko leo, na anayemwita kwa ubaya hachoki kumwita.

Baba shefu, ombi langu la mwisho ni dogo. Kabla hatujatawanyika, tuoneshe kipande cha ardhi ambacho hakina ugomvi, pakubwa pa kutosha kwa kiwanja. Komite ya jamaa zilizohama na wenyeji wakifyeke pamoja. Majina ya watakaokuwa makocha yaandikwe na ninyi wenyewe, na tutakaporudi tuyasikie mbele ya watu wote.

 Sasa ni zamu yenu kusema.