Vigae vya Udongo Wetu
(Hotuba fupi mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu zangu wanafunzi wa zamani,

Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya jadi za pwani yetu. Nimechagua chungu.

Wengi wenu mmefika Kaole, mwendo mfupi kutoka hapa Bagamoyo. Mgeni huonyeshwa msikiti, makaburi na vipande vya bakuli za China. Vigae vya udongo wa hapahapa, ambavyo ndivyo vingi, huvikanyaga tu. Lakini ni vigae vya udongo wetu, vya zamani kuliko hata msikiti ule, vilivyojibu swali kubwa. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba miji ya pwani ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo. Mwaka 1994 Felix Chami, mwanaakiolojia Mtanzania, alitoa utafiti wake juu ya vyungu vilivyochorwa pembetatu shingoni, akaonyesha kuwa vilitokana na vyungu vya wakulima wa Kibantu waliotangulia kukaa pwani hii.

Huku kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake. Hawatumii gurudumu. Udongo hutwangwa, huchanganywa na mchanga ili chungu kistahimili moto, hujengwa kwa mikono, hukwanguliwa, husuguliwa kwa kijiwe, kisha huanikwa kivulini siku kadhaa. Huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, bila tanuri. Upepo ukigeuka, kazi ya wiki nzima hupasuka, na hasara ni ya mama peke yake, maana mnunuzi hulipia kilichotoka kizima tu. (Maji ya mtungi, kwa ulimi wangu, friji ya ofisini haijayafikia.)

Husemwa mfinyanzi hulia gaeni, nasi hucheka. Hula gaeni kwa sababu vizima vyote vimekwenda sokoni, na bei yake hakuipanga yeye. Sufuria nayo imemwondolea wateja. Binti yake akipima uzito wa kuni na fedha inayopatikana, hakai kujifunza.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya kesho zimo fedha za zawadi kwa shule. Natoa hoja tuagize mitungi ya maji ya bwalo kwa mafundi wa vijiji vya wilaya hii, tulipe nusu kabla ya kuchoma, na itakayopasuka motoni ihesabiwe kuwa ni yetu. Naomba mniunge mkono.