Uyoga na Sisi: Hotuba kwa Wazee na Wanachama

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama siku ya maonyesho ya uyoga. Halmashauri imekubali ichapwe katika taarifa hii ya mwaka, ili wale ambao hawakuwapo nao wapate kuisoma.)



 Sote tumepita mezani palipopangwa vikapu, na tumewasikia akina mama wakibishana kwa furaha ni uyoga upi upikwao kwa karanga na upi uanikwao juani ukawekwa. Lakini huenda yupo ajiulizaye moyoni: kazi ya chama hiki ni kuwazika wafu wetu kwa heshima, kuwasaidia wagonjwa na kuwalipia watoto karo, uyoga waingiaje hapa? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Jibu langu kwa ufupi ni hili: uyoga humlisha aujuaye, na humdhuru audhaniaye. Kujua kwenyewe kumo vichwani mwa wazee walioketi mbele yetu, wala hakujaandikwa popote.

Ndugu zetu Waluhya huuita uyoga obwoba, na neno hilo likitajwa wakati wa mvua kila mtu hukumbuka chungu cha mama yake. Lakini ukivuka mpaka kwenda kwa baadhi ya majirani zetu wa Uganda, neno hilo hilo maana yake ni hofu. Huko Buganda upo ukoo mzima uitwao Butiko, ambao mwiko wao ni uyoga. Hawauli, kwa kuwa ndio alama ya ukoo wao. Basi mwaona kwamba wazee wa zamani hawakuuchukulia uyoga kuwa kitu cha mchezo. Wengine waliufanya chakula, wengine waliufanya alama ya heshima, na wote walifahamu kwamba ndani yake mna neema na mna hatari.

Yafaa kwanza tujue uyoga ni nini. Si mmea, kwa maana hauna ile rangi ya kijani ambayo majani huitumia kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Si mnyama pia. Ni jamii ya viumbe peke yake, iitwayo kuvu, na jamaa zake ni wengi: ukungu juu ya mkate, hamira iumuayo unga, kutu iharibuyo majani ya mibuni, na huo uozo urudishao gogo lililoanguka msituni kuwa udongo. Sehemu kubwa ya kuvu hukaa chini ya ardhi au ndani ya mti, nayo ni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kile tukichumacho ni tunda lake tu, kama embe lilivyo tunda la mwembe.

Katika uyoga wote wa nchi hii, wenye sifa kubwa ni ule wa kichuguu. Historia yake ni ya ajabu. Mchwa watenda kazi hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvila, kisha huvitoa kabla havijasagika vizuri na kuvijengea kitu kama masega ya nyuki ndani ya kichuguu. Juu ya masega hayo huota kuvu, nayo ndiyo ilainishayo ugumu wa mti ambao tumbo la mchwa haliwezi kuumaliza. Mchwa huila kuvu na masega yaliyolainika. Mvua inyeshapo, kuvu hiyo hupeleka mzizi mrefu juu hadi ikatoboa ardhi, na hapo ndipo watoto hupiga kelele wakikimbia na vikapu. Mwaka 1942 mtaalamu wa Kifaransa, Roger Heim, aliupa uyoga huo jina la Termitomyces, maana yake uyoga wa mchwa. Katika bonde la Rukwa, nchini Tanzania, wataalamu walichimbua mawe ambayo ndani yake mna vichuguu vya kale pamoja na masega yake, navyo vina umri wa miaka kama milioni 25. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016. Mchwa, basi, walikuwa wakulima zamani sana kabla mwanadamu hajashika jembe. Na huko Zambia uko uyoga wa jamii hii ambao kofia yake huweza kufika upana wa mita moja.

Nawaombeni mzingatie jambo moja hapa. Wataalamu wameweza kulima aina nyingi za uyoga, lakini huu wa kichuguu hawajafaulu kuulima kama walimavyo ule mwingine. Shamba lake ni kichuguu, na mkulima wake ni mchwa. Siku hizi viwanja vinagawanywa vidogo vidogo. Kichuguu kinasawazishwa ili pajengwe nyumba, au udongo wake unafanywa matofali. Simlaumu ajengaye, kwa kuwa watu lazima walale mahali. Lakini kila kichuguu kivunjwapo, chakula kile hakitaota hapo tena, na pamoja nacho hutoweka sababu ya bibi kumchukua mjukuu wake asubuhi na mapema akamwonyeshe: huu twala, huu hatuli.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusema leo. Wanachama wengi wa chama hiki tunakaa mjini. Mtu aliyezoea uyoga wa kwao huona mweupe kama ule umeota kwenye bustani au kando ya uwanja wa mpira, naye hufurahi akidhani amekutana na ndugu wa nyumbani. Lakini pale hapana kichuguu. Upo uyoga mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, ambao hupenda sana majani mafupi ya bustani. Ukikomaa, upande wake wa chini hugeuka rangi ya kijani. Ungali mchanga ni mweupe tu, na hapo ndipo hudanganya watu. Aulaye hutapika na kuharisha vibaya mno. Tena zipo aina nyingine mbaya kuliko huo, ambazo sumu yake huharibu ini. Aliyekula hizo haumwi mara moja. Hupita saa 6, saa 12, au hata zaidi, ndipo tumbo lianze. Kisha huenda akapata nafuu siku moja au mbili, jamaa wakamshukuru Mungu, kumbe ndani ini linaharibika. Kwa hiyo mtu akishikwa na tumbo baada ya kula uyoga wa porini, asingojee nafuu. Na apelekwe hospitali upesi, pamoja na mabaki ya uyoga ule ili waganga wauone, na wote waliokula naye waende pia hata kama hawajisikii vibaya.

Nimesikia watu wakitaja njia za kuupima uyoga. Wengine husema ukitia kijiko cha fedha chunguni nacho kisigeuke rangi, uyoga ni salama. Wengine hutia kitunguu. Wengine husema konokono au mnyama akiula, nasi twaweza kuula. Na wengine hudhani kwamba kuuchemsha sana na kumwaga maji huondoa sumu. Wazee wangu, njia hizi zote ni za uongo. Konokono hula uyoga umwuao mtu, naye huenda zake salama. Sumu ile ya ini haiondoki kwa moto wala kwa chumvi. Bibi zetu hawakutumia kijiko cha fedha. Wao walijua kila aina kwa jina lake, mahali pake, majira yake, harufu yake, na mzizi wake ulivyoshuka chini kuelekea kwenye kichuguu. Tena walijua haya yote pamoja, si moja tu. Maarifa hayo hayachukuliki kutoka nchi moja hadi nyingine kama mtu achukuavyo sanduku. Mjuzi wa Kakamega akifika pwani, ni mgeni huko kama mwingine yeyote.

Kuvu nyingine yenye hatari haiko porini bali imo nyumbani mwetu, katika magunia ya mahindi. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, na 125 kati yao walifariki. Hata kabla ya hapo, mwaka 1981, msiba wa namna hiyo ulitokea Machakos. Sumu hiyo twaiita sumukuvu, na kuipika kwa kawaida hakuiondoi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya mahindi mabichi huoza, tena huua. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu; yahifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa. Njia ya kupima ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kiasi cha robo yake na vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Ukiona chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Hata chumvi isipoganda, siku moja zaidi ya jua haina hasara. Na punje zilizooza tusiwape ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hiyo hupita ikaingia katika maziwa ya watoto wetu.

Msidhani nimekuja kuwatisha. Kuvu imewaokoa watu wengi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulioota katika chombo chake ulikuwa unaua vijidudu vya ugonjwa. Kutokana na ukungu huo ikapatikana penisilini, naye pamoja na wenzake Florey na Chain wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1945. Hamira hutupa mkate, na ni kazi ya jamaa hawa hawa kuzichachusha pombe za wazee. Tena uko uyoga ambao wakulima wa Tanzania huuita mamama. Huo hulimwa ndani ya mifuko yenye mabua na majani makavu yaliyochemshwa, katika chumba chenye kivuli na unyevu, wala hautaki shamba kubwa. Kwa mjane mwenye kiwanja kidogo, hiyo ni kazi ya kufikiriwa.

Bwana Mwenyekiti, naomba kuuletea mkutano maombi matatu.

Kwanza, wazee wetu, hasa akina mama, waketi pamoja na vijana wajuao kuandika, na majina ya uyoga wa kwetu yaandikwe katika daftari la chama: huota wapi, mwezi gani, hupikwaje, na upi ufananao nao ambao hauliwi. Daftari hilo lisaidie kumbukumbu tu. Mtu asichume kwa daftari pasipo kuonyeshwa na ajuaye.

Pili, kila mwanachama akaaye mjini aweke sharti nyumbani mwake: uyoga wa porini usiojulikana na mzee wa mahali pale usipikwe, hata mara moja.

Tatu, wakati wa mavuno, matawi yetu ya nyumbani yanunue maturubai ya kuanikia, yakopeshwe kwa zamu kwa wale wasio nayo. Sanduku la chama limegharimia majeneza mara nyingi. Turubai ni rahisi kuliko jeneza.

Wazee wetu, mnayoyajua ninyi juu ya uyoga hayanunuliwi dukani. Mkiondoka nayo, watoto wetu watabaki na dhana, nanyi mmesikia dhana huzaa nini. Twaombeni mtufundishe tungali pamoja.