Jeshini au Chuoni? Kwa Mzazi wa Kijana Atakaye Kuwa Rubani



Leo nataka kujibu barua ya mzee mmoja, mwanafunzi wa darasa la watu wazima. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, nasi twampongeza. Asema hivi: “Bwana Elimu, mwanangu amemaliza kidato cha sita, naye ataka kuwa rubani wa ndege za abiria. Ndugu yangu asema aingie jeshini, huko atafundishwa bure. Mama yake asema tuuze nusu ya shamba, aende chuo cha marubani. Ipi njia iliyo njema?”

Shikamoo, mzee wangu. Tuzitazame njia hizo moja moja.

Kwanza, chuo. Nchi yetu, kama nchi karibu zote za dunia, hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kwa kanuni hizo, atakaye leseni ya kurusha ndege kwa malipo awe ametimiza miaka 18, na awe ameruka saa 200, au saa 150 ikiwa amefundishwa kwa utaratibu ulioidhinishwa. Lakini leseni hiyo haimfanyi kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria. Hapana budi apate leseni ya juu zaidi, nayo yataka saa 1,500.

Haya, shikeni kalamu. Toeni 200 katika 1,500. Zabaki ngapi? Saa 1,300. Karo ya chuo hainunui saa hizo. Kijana atazipata kwa kufanya kazi: kurusha ndege ndogo za watalii au za mizigo, kufundisha wengine, au kuwa rubani msaidizi katika kampuni itakayokubali kumchukua. Na kazi hiyo yaweza kuchelewa, na huku shamba limekwisha kuuzwa.

Pili, jeshi. Ni kweli, huko mzazi halipi karo. Lakini kijana hulipa kwa miaka yake. Tuchukue mfano wa Marekani. Rubani wa Jeshi la Anga la huko, akiisha kumaliza mafunzo, hufungwa na ahadi ya kutumika miaka 10. Tuseme amemaliza akiwa na miaka 25. Siku ya kutoka atakuwa na miaka 35. Na kanuni za kimataifa haziruhusu rubani aliyepita miaka 65 kurusha ndege za abiria za mashirika baina ya nchi na nchi. Basi amebakiwa na miaka 30 ya kazi aliyoitamani.

Hata hivyo tusiidharau shule ya jeshi. Mwaka 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Baada ya hapo sheria ilikazwa, na tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la huko hutakiwa awe na saa 1,500. Lakini aliyefundishwa urubani na jeshi aweza kukubaliwa akiwa na saa 750. Hiyo ni heshima kubwa kwa mafunzo yake.

Lakini sikiliza, mzee. Jeshi halimchukui kijana ili siku moja apeleke abiria. Lamchukua awe askari. Laweza kumpa ndege, au laweza kumpa bunduki na kazi nyingine, naye atatii. Vita vikija, ataitwa. Masharti ya kila nchi ni mbalimbali, kwa hiyo ya kwetu yaulizeni jeshini penyewe, msitegemee maneno ya barazani.

Basi jibu langu ni hili. Hakuna njia ya bure. Moja hudai fedha, ya pili hudai miaka. Muulize mwanao: “Kama hutafika kamwe kwenye ndege za abiria, utakubali kuwa askari kwa moyo mweupe?” Akisema ndiyo, na ajaribu jeshi. Akisema hapana, jeshi lisifanywe ngazi.

Na mkichagua chuo, fanyeni mambo matatu kabla ya kuuza hata hatua moja ya ardhi. La kwanza, kijana apimwe macho, masikio na moyo na daktari aliyeidhinishwa kupima marubani. La pili, iulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga kama chuo hicho kimeidhinishwa. La tatu, mpewe gharama zote kwa maandishi, pamoja na za mitihani, nanyi mzisome wenyewe. Kipimo cha daktari ni kazi ya siku moja. Shamba likiisha kuuzwa, si rahisi kulirudisha.

Mzee, wewe sasa wajua kusoma. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Maswali ya darasani:
1. Mtu mwenye saa 200 apungukiwa saa ngapi kufikia 1,500?
2. Je, mafunzo ya jeshi ni ya bure? Eleza.
3. Taja mambo matatu ya kufanya kabla ya kuuza shamba.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.