Kuni, Chungu na Amani
Mazungumzo na wakimbizi wa ndani, wenyeji wao na viongozi



Leo hatukuja kuongea juu ya mapatano ya wakubwa. Tumekuja kuongea juu ya mafiga matatu, kuni na chungu cha jioni. Mtauliza: jikoni na amani vinahusiana namna gani? Tunajibu: ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji unaanzia kwenye kuni.

Tutazame chakula tunachopenda sote hapa Kivu: bugali, maharagi na sombe ya mawese. Kinashibisha, lakini kinakula kuni nyingi. Maharagi makavu huchemka saa mbili, tatu au zaidi. Sombe nayo haitaki haraka. Majani ya muhogo yana sumu. Ni lazima yatwangwe vizuri, yachemshwe kwanza bila kifuniko mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo mawese yatiwe. Mwenye kuni chache anaepua mapema, na watoto wanaumwa tumbo.

Kuni hizo zinatoka wapi? Mkimbizi hana shamba. Mama akikata miti ya mwenyeji, mwenyeji anakasirika, na ana haki, maana ile miti ndiyo ada ya shule ya watoto wake. Mama akienda mbali porini, anakutana na watu wenye silaha. Mwaka 2023 shirika la Médecins Sans Frontières lilieleza kwamba wanawake wengi waliobakwa na kutibiwa katika kambi za karibu na Goma walishambuliwa walipokuwa wakitafuta kuni na chakula. Aibu si ya mama huyo, ni ya aliyemtendea. Apelekwe hospitali mbiombio, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia UKIMWI, na siri yake itunzwe.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tupunguze kuni. Tuloweke maharagi usiku kucha, tumwage maji yale, tupike kwa maji mapya na kufunika chungu. Tupasue kuni ndogo ndogo na kuzikausha. Tuzungushie mafiga udongo ili upepo usipeperushe moto. Chakula kikiiva, tuzime vinga, tuviweke kwa kesho. Na moto uwe mbali na shitingi za nyumba zetu.

Pili, tupike pamoja, hata kama ni siku moja au mbili kwa juma. Nyumba tano zikipika kila moja peke yake, ni mioto mitano. Zikiunganisha maharagi katika chungu kimoja kikubwa, ni moto mmoja. Huyu alete maharagi, yule mawese, mwingine atwange sombe. Asiye na kitu alete mikono yake, na asidharauliwe. Mwenyeji naye akaribishwe. Watu wanaokula pamoja wanaulizana habari uso kwa uso, na uvumi unakosa nafasi. Wababa, kupasua kuni na kuchota maji si kazi ya wamama peke yao.

Tatu, viongozi waitishe mkutano wa kuni, wakimbizi na wenyeji pamoja, na wamama wapewe neno. Wapatane: matawi gani makavu yanaweza kuokotwa, shamba la nani, siku gani, na mwenye shamba atasaidiwa kazi gani. Watu waende kwa kikundi, kamwe si mama peke yake wala msichana mdogo. Wapatane pia juu ya kupanda miti ya kuni. Katika Kivu ya Kaskazini wakulima walianza kuipanda kwa mradi wa EcoMakala tangu mwaka 2007, ili Parki ya Virunga ipumzike.

Hatutaki kuwadanganya. Chungu hakiwezi kumzuia mtu mwenye bunduki. Kuwalinda raia ni wajibu wa wenye mamlaka, nasi tutaendelea kuwadai. Lakini ugomvi wa mti mmoja kati ya jirani na jirani, huo uko mikononi mwetu.

Wazee walisema: figa moja haliinjiki chungu. Mkimbizi ni figa, mwenyeji ni figa, kiongozi ni figa. Kwa hiyo, viongozi wetu, kabla hatujatawanyika, tunaomba mtaje mbele ya wote siku ya mkutano wa kuni.