Mtani ni Yule Anayejibu
Mhadhara wa umma uliotolewa Majimoto, Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mlioketishwa mbele kabisa ili msisinzie: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nilipokuwa naingia mlangoni niliwaamkia wazee wa upande wa kushoto kwa Kisukuma. Nilisema "mwangaluka", nao wakaitikia vizuri. Safu za nyuma zikacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na mimi si mtu wa kununa kwa jambo dogo. Ila sasa hivi nimesema "shikamooni" na hakuna aliyecheka. Ningeamkia kwa Kiingereza, baadhi yenu mngenyoosha shingo kwa heshima. Katika salamu tatu, moja tu ndiyo kichekesho, nayo ni ya watu wanaoishi hapa hapa, wanaolima mpunga pembeni yenu na kuuza ng'ombe kwenye mnada mmoja na nyinyi. Nimeombwa nizungumzie ubaguzi shuleni. Nitazungumzia kicheko hicho, hasa kinapovuka kizingiti cha darasa.

Tukitaja ubaguzi, akili zetu hupanda ndege: Afrika Kusini ya zamani, Marekani, viwanja vya mpira vya Ulaya. Tunasahau kwamba nchi hii nayo ilikuwa na shule za rangi. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na mifumo mitatu ya elimu: shule za watoto wa Kizungu, za watoto wa Kiasia, na za watoto wa Kiafrika. Kila mfumo ulikuwa na fungu lake la fedha, na hamhitaji kuambiwa fungu la nani lilikuwa jembamba. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria ya elimu ya mwaka 1961, na kuanzia Januari 1962 mlango wa shule ukawa mmoja.

Tusidhani hilo lilikuja kirahisi. Mwaka 1958 TANU ilikutana Tabora, mji ambao wazee wetu waliufikia kwa treni ya Mpanda kupitia Kaliua. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa ngumu kumeza. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie kwenye uchaguzi huo wa kura tatu, wakaingia, wakashinda. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, yeye yule alisimama bungeni kuwapinga watu wa upande wake mwenyewe waliotaka uraia uwe wa weusi peke yao. Alikuwa tayari kuacha uongozi kuliko kupitisha sheria ya namna hiyo. Wakati huo Waafrika ndio waliokuwa wanakaribia kushika dola, na hapo ndipo msimamo wa mtu hupimwa. Kuukataa ubaguzi unaokuumiza wewe kila mtu anaweza.

Baada ya Uhuru serikali ilijenga taifa kwa kuchanganya watu kwa makusudi. Kijana wa Mpanda alipangiwa sekondari Iringa, wa Mtwara akapelekwa Tabora, wakalala bweni moja na kuchota maji kisima kimoja. Mwalimu alipangiwa kituo mbali na kwao. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963, vijana wa kila upande wakaimba mchakamchaka pamoja, mpaka utaratibu wa kuwachukua kwa lazima uliposimama mwaka 1994, kisha ukarejeshwa 2013. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka huo huo ndio wa mwisho sensa yetu kuuliza mtu ni kabila gani. Tangu hapo serikali haihesabu makabila, na mimi naona ilifanya vyema. Lakini kulifuta kabila kwenye fomu hakukulifuta kwenye uwanja wa mapumziko. Kwa kuwa haliulizwi popote, hata mwalimu mkuu akiona tatizo hukosa namna ya kuliandika kwenye taarifa yake.

Kisha zikaja shule za kata, katikati ya miaka ya 2000. Sitazisema vibaya, maana bila hizo nusu ya vijana walio mbele yangu wangeishia darasa la saba. Ila tukiri kilichotokea. Mtoto sasa anaweza kuanza chekechea na kumaliza kidato cha nne bila kulala hata usiku mmoja nje ya kata yake.

Majimoto ni kisa cha pekee katika habari hii, ndiyo maana nilikubali haraka kuja. Hapa mchanganyiko haukuletwa na barua ya wizara. Ulikuja kwa miguu. Wenyeji wa bonde hili ni Wapimbwe, na jirani zao ni Wafipa, Wakonongo, Warungwa na Wabende. Kuanzia miaka ya 1970 wakaanza kuingia Wasukuma na ng'ombe wao, wakifuata malisho na ardhi ambayo kwao ilikuwa imekwisha. Walikuja na jembe la kukokotwa. Baadaye walikuja na sungusungu pia, ulinzi ulioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpunga ukaita wengine: wafanyabiashara, vibarua, madereva, mama lishe. Hata jina la mahali hapa, lililotokana na chemchemi, ni la Kiswahili, halina kabila. Na mkoa wetu uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa umebeba jina la Katabi, mzimu wa Wabende ambaye masimulizi yanasema anakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Leo Msukuma aliyezaliwa Mwamapuli akiulizwa Dar es Salaam anatoka wapi, hujibu "Katavi" bila kujua kwamba ametaja mzimu wa jirani yake. Hilo hunifurahisha kila nikilifikiria.

Kwa hiyo darasa la tatu la hapa limechanganyika kuliko bweni lolote la mwaka 1970. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaandalia watoto mchanganyiko huo. Wazazi wana ugomvi wa kweli: ng'ombe wameingia mpungani, mbuga iliyokuwa ya malisho imelimwa, mpaka wa hifadhi umesogezwa, nani alimuuzia nani shamba ambalo halikuwa lake. Mambo hayo yana mabaraza yake. Lakini mtoto wa miaka tisa hajui mpaka wa shamba unapita wapi, ila anajua wa kulaumiwa ni nani, kwa sababu amesikia jikoni. Asubuhi anakuja na lawama hiyo shuleni. Upande mmoja unaitwa washamba wa ng'ombe. Upande wa pili unaitwa wavivu wasio na hata kuku. Sitaki yeyote humu ajione msafi, maana nimeyasikia yote mawili, mengine kwenye ofisi za walimu.

Mara ngapi mwalimu amesema "Wasukuma hawapendi shule"? Tazameni wanavyoishi. Kaya zao zimesambaa mbugani, mbali na kitovu cha kijiji, kwa sababu ng'ombe hawafugwi sokoni. Mvua ikinyesha mbuga inajaa maji. Mtoto anavuka mfereji, anachelewa, anachapwa. Kesho yake baba anaona bora achunge. Mwalimu anaandika "mtoro". Kilichomshinda mtoto yule ni kilomita na maji, sisi tukakipachika kabila. Ubaguzi mwingi wa shuleni huanza hivyo, na anayeuanza mara nyingi ni mtu mwema aliyechoka, aliyeona umbali akadhani ameona tabia.

Halafu lugha. Kiswahili kimetuunganisha kwa sababu kilikuwa hakina mwenyewe. Sasa shuleni tumekipa mwenyewe. Mtoto akisoma "balua" badala ya "barua", darasa zima linaanguka kwa kucheka, na hao wanaocheka, siku watakayoshuka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, watachekwa wao kwa jinsi wanavyouliza nauli. Mtoto aliyechekwa mara tatu hasomi tena kwa sauti. Mtihani wa mwisho wa mwaka hautakuambia kwa nini.

Tuvuke kwenda makazi ya Katumba na Mishamo, maana huwezi kuzungumzia Mpanda ukayaruka. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko, Katumba kuanzia 1973 na Mishamo 1978, wakafyeka pori na kulima. Mwaka 2010 Tanzania iliridhia kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya 1972, wakiwamo wa Ulyankulu mkoani Tabora, na vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa 2014. Ni mataifa machache yaliyowahi kufanya jambo kubwa namna hiyo kwa wakimbizi. Mwanzoni walitakiwa watawanyike mikoa mingine, baadaye wakaruhusiwa kubaki. Wapo waliochagua kurudi Burundi, na watoto wao, waliosoma kwa Kiswahili, wakakuta huko masomo ni ya Kirundi na Kifaransa, wakaonekana wageni katika nchi ya baba zao. Waliobaki wana cheti chenye nembo ya taifa. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa, na baba aliyezaliwa hapa, akienda sekondari Mpanda mjini bado anaweza kuitwa "mkimbizi". Amekimbia nini? Kengele ya saa mbili?

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, mahali alipotoka, rangi, dini, jinsia au hali yake ya maisha. Angalieni hayo maneno ya mahali alipotoka mtu. Yanamhusu huyo wa Mishamo moja kwa moja.

Ukimkemea mtu kuhusu majina haya, jibu ni moja nchi nzima: "Aa, ni utani tu." Hapo naomba mnivumilie, kwa sababu hilo ndilo lililonifikisha kwenye meza hii.

Utani ninaujua, nimelelewa nao. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana, na wazee husema chanzo ni misafara ya zamani ya kwenda Bagamoyo, ambapo mgeni na mwenyeji walihitajiana. Wahehe na Wangoni waliuana vitani karne ya 19, leo ni watani. Maana yake utani ni mkataba wa amani uliovaa nguo za kichekesho, na mkataba una masharti. La kwanza, ni wa pande mbili: ukinitukana nitakutukana, na wote wawili hatuna ruhusa ya kukasirika. La pili, una wajibu: msiba ukinifika, mtani ndiye anayekuja kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, mpaka mjane acheke katikati ya machozi. Anapika, anachimba, anabeba. La tatu, mtu hajipi utani. Huurithi kwa wazee waliokubaliana.

Sasa mpimeni yule mtoto mmoja wa Kisukuma katikati ya arobaini, au mmoja wa Kipimbwe katika shule ya kitongoji cha wafugaji. Anaweza kujibu? Akijibu atapigwa wakati wa mapumziko. Wanaomcheka wakifiwa yeye ana nafasi gani msibani? Na mwalimu, je, mtoto anaweza kumtania mwalimu? Basi huo si utani. Mmeazima jina la kitu cha heshima mkalifunikia dharau. Mtoto mwenye ulemavu wa ngozi anayeitwa zeruzeru, katika nchi ambako watu wameuawa kwa sababu ya neno hilo, hamjamtania. Mmemwonyesha kidole.

Hatuhitaji mradi wa mamilioni. Mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa hapa anaweza kuwatuma watoto nyumbani na swali moja: babu au bibi yako alifika Majimoto lini, alitokea wapi, alimkuta nani, nani alimpa chakula usiku wa kwanza? Nawaahidi majibu yatawashangaza, maana karibu kila nyumba ilipokewa na mtu wa kabila lingine. Msikae kuandika vitabu kwanza. Anzeni na daftari. Kuhusu mahudhurio, daftari la utoro liwe na safu ya umbali kutoka nyumbani, ili siku kamati ya shule ikikaa ijadili daraja la mbugani badala ya kujadili kabila. Na majina yaandikwe kama mama alivyoyataja. Mtoto anayeitwa Ng'washi asigeuzwe Mwashi kwa sababu mwandishi anaona ng' inachosha mkono.

La walimu nimeliweka mwisho kwa sababu linanihusu.

Nilipoanza kazi, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mvulana aliyechelewa kila Jumatatu. Nilimpa jina, "Mzee wa Zizi". Darasa lilifurahi. Naye alicheka, nikadhani amelipenda. Nililitumia hata wakati wa kugawa madaftari. Muhula wa pili hakurudi, nikaweka alama ya utoro mfululizo mpaka daftari likaisha, kisha nikahamishwa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa kwenye mnada, nikasikia mtu ananiamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Mwanamume mwenye kofia ya pama na fimbo, ana ng'ombe wanane wa kuuza. Akajitambulisha mwenyewe: "Ni Mzee wa Zizi." Akacheka kicheko kile kile. Akaniuliza habari za nyumbani na za kazi, akaninunulia soda, akataka kujua kama bado nafundisha hesabu. Tukazungumza kama nusu saa, na muda wote huo nilikuwa natafuta kichwani. Mwisho ilinibidi nimuulize jina lake.