Mpira wa kifuani usibanwe ovyo

Majeruhi wa pikipiki aliyevunjika mbavu huenda akawekewa mpira kifuani, wa kutoa damu au hewa iliyozingira pafu na kuipeleka kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Siku ya kuutoa ikikaribia, kazi kubwa ni kuitazama chupa ile. Maji yakipanda na kushuka mgonjwa anapopumua, njia iko wazi. Mapovu yakiendelea kutoka anapokohoa, pafu bado linavuja, na hapo kuubana mpira ni hatari: hewa hujikusanya, hukandamiza pafu na moyo, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Ndugu nao, kwa nia njema kabisa, wasiinyanyue chupa juu ya kitanda wanapomgeuza mgonjwa wao. Maji yaweza kurudi kifuani.

Kabla ya kuutoa mpira, madaktari wengi husubiri mapovu yakome, majimaji yapungue hadi kama mililita 200 kwa siku, na eksirei ionyeshe pafu limetanuka. Dawa ya maumivu itolewe mapema. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima hawezi kuyafuatilia haya usiku kucha. Wapanga zamu wamwongezee mwenzake.